Mabomba Ndani ya Ukuta wa Kagwe

Zacharia Kagwe hakupenda kuona waya. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Gitothua angekuambia juu yake, na angekuambia huku akicheka, kwa sababu siku hizo Gitothua nzima haikuwa na nyumba hata moja yenye waya. Stima ilikuwako, lakini ilikuwa juu. Ilizalishwa na maji ya mto wao wenyewe hapo Ruiru, ikapandishwa kwenye nguzo, ikapita juu ya mahindi yao na mbuzi wao, ikaenda zake Nairobi bila kusalimia mtu. Watu walilima viazi chini ya ile laini, kisha wakarudi nyumbani kuwasha koroboi za mafuta ya taa.

Kagwe alikuwa fundi wa stima. Kazi alifundishwa na Kalasinga mmoja wa Thika, mzee wa kilemba cheupe na hasira za karibu, ambaye watu walimwita Kalasinga tu, kana kwamba mama yake hakumpa jina. Wawili hao walizunguka mashamba ya kahawa kati ya Thika na Ruiru wakitengeneza nyumba za Wazungu. Wazungu walikuwa na taa za mezani, redio, pasi, feni na jokofu, na kila kimoja kilikuja na mkia wake, huku chumba kikiwa na soketi moja. Basi waya zilitambaa sakafuni, zikapita chini ya zulia, zikajizungusha kwenye miguu ya viti, mbwa akazitafuna, mpishi akajikwaa na trei ya chai. Hapo ndipo mafundi walipoitwa.

"Mimi hapana taka ona hii waya," memsahibu mmoja aliwaambia, amesimama katikati ya sebule kama mtu aliyezingirwa na nyoka. "Ona taa, ndiyo. Ona waya, hapana."

Kagwe alimwelewa kabisa. Kwa kawaida alianza kwa kuketi sakafuni na kuangalia tu, hagusi kitu, mpaka Kalasinga amfokee. Kisha alifuata kila waya kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho, akaifunga kipande cha uzi ili asiichanganye na nyingine. Halafu ndipo aliposhika patasi. Alichimba mfereji ukutani, akalaza bomba la chuma, akapitisha waya ndani yake, akaziba kwa plasta na kusugua mpaka mkono usihisi kitu. Waya ya redio aliwahi kuipitisha ndani ya mguu wa meza. Yule memsahibu alizunguka meza hiyo mara tatu akitafuta, akacheka peke yake.

"Waya ikionekana ni kama petikoti imeshuka chini ya gauni," Kagwe alipenda kusema. "Hata gauni liwe zuri namna gani, macho ya watu yanaenda pale tu."

Mwaka wa 1951 alioa Warigia, binti kutoka Murera, mwanamke mrefu aliyependa utani, na akaanza kumjengea nyumba. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, ya miti na udongo, juu mabati. Lakini kabla udongo haujatiwa, Kagwe alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa Gitothua aliyewahi kulifanya. Alifunga mabomba kwenye miti ya ukuta. Yalikuwa vipande vilivyobaki kazini, ambavyo Kalasinga alimwambia achukue kwa kuwa yeye hana haja navyo. Moja lilishuka kutoka darini hadi karibu na mlango, moja likaenda jikoni, moja likaenda chumba cha kulala. Warigia aliyashikilia huku mumewe akikaza kamba.

"Hii ni ya nini, Kagwe?"

"Hii ni swichi yako. Hebu simama hapa. Umebeba kuni, sivyo? Mkono wa kulia umeshika kuni. Sasa nyoosha wa kushoto."

Warigia akanyoosha. Kagwe akaweka alama ya makaa pale vidole vyake vilipofika, na hapo ndipo bomba lilipoishia. Udongo ukatiwa, plasta ikapigwa, ukuta ukawa mweupe na laini kila mahali. Tangu siku hiyo Warigia alikuwa akiingia na kuni au maji, anagusa ukuta mahali pale kwa mkono wa kushoto na kusema, "Kumekucha!" Kisha anaenda kutafuta kibiriti. Kagwe alicheka kila mara, na hakuchoka kucheka.

Jambo hilo lilikuwa siri yao wawili. Sababu yake ilikuwa ndogo, tena ya kitoto. Mwaka mmoja kabla, baada ya ibada, Kagwe aliwatangazia wanaume nje ya kanisa kwamba kufikia Krismasi stima ingeteremka kutoka kwenye nguzo na kuingia nyumbani mwao. Krismasi ikaja na kupita. Wakambandika jina la Bwana Stima. Mtu akikutana naye njiani mchana anamwambia, "Bwana Stima, punguza jua kidogo, linatuchoma." Kagwe alitabasamu, lakini yalimwingia. Alikuwa mtu wa kuona haya. Ndiyo maana alimwambia mkewe wasimwambie mtu.

"Siku hiyo waone taa tu," alisema. "Wasijue imepitia wapi."

Warigia aliapa kwa kucheka. Mwaka wa 1952 wakapata mtoto wa kike, wakamwita Wamboi, jina la mama yake Kagwe.

Mwaka huohuo ikaja Hali ya Hatari. Hakuna haja ya kueleza yote, walioishi wanajua. Lakini jambo moja lazima lisemwe. Watu wa msituni, waliopigana na serikali ya Wazungu, walikuwa wakitengeneza bunduki zao wenyewe, na mtutu wa bunduki hizo ulikuwa kipande cha bomba la chuma. Ghafla bomba likawa kitu cha kutisha kuliko panga. Ikatoka amri kwenye baraza kwamba kila mwenye bomba nyumbani alipeleke kwenye kambi ya askari kwa hiari, na atakayekutwa nalo baadaye asilie.

Warigia alirudi kutoka barazani akamkuta mumewe anamnyoa Wamboi nywele nje ya nyumba.

"Baba Wamboi, umesikia ya mabomba?"

"Nimesikia. Wanasema mabomba ya bunduki. Yetu ni ya stima."

"Bomba si bomba tu? Nenda useme. Nenda na Kalasinga, akuelezee kwa hao wakubwa."

Kagwe aliendelea kunyoa. Alijiona amesimama mbele ya watu wote akieleza kwamba ameweka mabomba ya stima katika nyumba isiyo na stima. Alisikia kicheko chao kabla hakijachekwa. Tena nyumba ingebomolewa ukuta ili yatolewe, na ukuta ule alikuwa ameusugua kwa mikono yake.

"Nani atajua?" alisema. "Yamo ndani ya ukuta. Ukiulizwa, sema hakuna kitu."

"Niseme hakuna?"

"Sema hakuna. Basi."

Warigia alimtazama kidogo, akainua mtoto, akaingia ndani. Hakugusa ukuta siku hiyo. Kagwe aliliona hilo.

Mwanzoni mwa 1955 amri nyingine ikaja. Watu wote wahame mashambani mwao, wakakae pamoja katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na nyumba za zamani zibomolewe. Kagwe alikuwa kazini Thika siku zamu yao ilipofika, anaficha waya za taa kwenye sebule ya mtu. Homugadi, askari wa kienyeji wa serikali, walikuja asubuhi, wakamkuta Warigia na mtoto mgongoni, akitoa vyungu. Mkubwa wao aliuliza kama alivyouliza kila nyumba.

"Kuna kitu ndani ya kuta?"

"Hakuna."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna kitu," alisema Warigia, kama alivyoambiwa aseme.

Pigo la pili la jembe ukutani liligonga chuma. Gathogo, jirani yao na mzee wa kanisa, alikuwepo, na ndiye aliyesimulia baadaye kwamba sauti ile ilisikika hadi ng'ambo ya mto, au angalau yeye aliona hivyo. Walichomoa bomba moja, wakachomoa la pili, wakachomoa yote. Warigia alisimama na mkono mdomoni.

Kagwe alikamatwa mchana huo alipofika Ruiru kutoka kazini, begi la vifaa begani. Pale kambini alikuta mabomba yake yamepangwa mstari chini ya jua. Alishangaa jinsi yalivyokuwa machache, na jinsi yalivyoonekana mabaya. Ukutani kila moja lilikuwa na kazi yake, hili la jikoni, hili la chumbani. Yakiwa yamelala chini yalikuwa vipande vya chuma vya urefu wa bunduki, na ukuta ambao ungeweza kumtetea ulikuwa umeshakuwa kifusi.

"Nipeni waya," alimwomba mkuu wa kambi kupitia kwa mkalimani. "Nipeni waya na swichi nionyeshe."

"Nyumba yako ina stima?"

"Haina, bwana."

"Jirani yako ana stima?"

"Hana."

Mkalimani hakuhitaji kuongeza kitu. Kalasinga alikuja kesho yake, kilemba kimepinda, akapiga kelele langoni kwamba mabomba yale yalikuwa yake, "huyu iko fundi yangu, hapana iko mtu ya bunduki." Wakamwambia aende akaangalie duka lake kabla nalo halijaangaliwa. Alienda. Alikuwa mzee, na alikuwa na familia, wala Kagwe hakumlaumu.

Jambo lililomfunga Kagwe halikuwa mabomba peke yake. Mkuu wa kambi alisema, tena kwa utulivu, kwamba mtu asiye na hatia hana haja ya kukana. "Mke wako aliulizwa mara mbili. Mara mbili akasema hakuna. Kama yalikuwa ya taa, mbona alificha?"

Warigia alikuwa amesimama nje ya seng'enge, mahali anapoweza kusikia. Kagwe alitaka kusema ukweli, kwamba ni yeye aliyemtuma. Lakini angesema hivyo, ingeonekana kwamba Warigia alijua, na waliojua walikuwa wakichukuliwa pia, na Wamboi alikuwa na miaka mitatu. Akasema kwa sauti kubwa, "Mke wangu hakujua kitu." Alipogeuka kumtazama aliona uso wake umeinama. Hakupata nafasi ya kumwambia neno. Walimpakia kwenye lori akiwa bado anatafuta macho yake.

Miaka ya kizuizini haina mengi ya kusimulia, kwa sababu siku zilifanana. Alipelekwa mbali kaskazini, kwenye mawe na jua, akavunja mawe. Kila alipolala alijiuliza swali lilelile, na halikuwa lini atatoka. Alijiuliza kama Warigia anajua kwamba hamlaumu. Kwamba neno lile "hakuna" lilikuwa lake yeye Kagwe, aliuazima tu mdomo wa mkewe, kwa ajili ya haya ya kipumbavu.

Mwaka wa 1956 wakaruhusiwa kuandika barua, ukurasa mmoja. Kagwe alimwandikia Warigia salamu, akauliza juu ya Wamboi na juu ya mama yake yeye Kagwe, akasema ana afya, jambo ambalo halikuwa kweli. Kisha katikati ya karatasi akaandika kwa herufi za uangalifu: Yale mabomba ni mimi niliyeyaficha, na ni mimi niliyekwambia useme hakuna. Wewe huna kosa lolote, Warigia. Wala usilibebe hilo hata siku moja. Alipoitoa barua mkononi alipumua kama mtu aliyetua gunia.

Mwaka uliofuata Gathogo alimwandikia. Homa ya matumbo ilipita kijijini, ikachukua watu kumi na mmoja, na Warigia alikuwa wa saba. Kagwe aliisoma barua hiyo amesimama kwenye mstari wa uji. Alilia mbele ya watu, bila kujificha. Na katika kilio hicho alishika kitu kimoja tu, akakishika kwa nguvu zote. Angalau aliisoma barua. Angalau alikufa akijua. Kwa neno hilo aliweza kula na kuvunja mawe, na kwa neno hilo alimaliza kifungo.

Aliachiliwa mwishoni mwa 1958. Alishuka Ruiru na kutembea hadi kijijini, akavuka handaki ambalo sasa lilikuwa limeota nyasi. Mama yake alikuwa amezeeka sana, akamshika tu mashavu. Wamboi alikuwa msichana wa miaka sita, mrefu kama mama yake. Alimwamkia kwa heshima, kama anavyoamkiwa mgeni, akamletea kiti, akamletea maji ya kunawa. Alipomaliza alienda kwenye kona akarudi na kopo la kakao.

"Vitu vya mama ni hivi," alisema.

Ndani mlikuwa na shanga, kitana, na barua yake. Kagwe aliikunjua kwenye magoti. Salamu zilikuwako. Habari za afya zilikuwako. Katikati palikuwa na tundu. Mtu fulani katika ofisi ya kukagua barua za wafungwa aliona neno mabomba, akachukua wembe, akakata mistari yote mitatu, vizuri kabisa, pembe nne zimenyooka. Kingo za tundu hilo hazikuwa nyeupe tena. Zilikuwa nyeusi na laini kwa kushikwashikwa.

"Mama alikuwa anaweka kidole hapo," Wamboi alisema. "Alikuwa anawauliza watu hapa palikuwa na nini. Mzee Gathogo aliisoma yote, akamwambia pengine ni jina la kambi."

"Na mama alisema nini?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Alisema si kambi. Alisema hapo ndipo baba aliuliza kwa nini nilisema uongo."

 Kwa miaka miwili Kagwe alikuwa ameishi kwa neno ambalo halikufika. Warigia alikuwa amelifungua kopo hili na kulifunga, amelifungua na kulifunga, na kila mara alisoma kwenye tundu lile lawama ambayo haikuandikwa na mtu. Ukweli ni kwamba hakuna kilichomuumiza Kagwe zaidi ya hapo, si mawe, si kiboko, si hata barua ya kifo. Alikaa na karatasi ile mpaka mama yake akaja kuichukua kwa upole mikononi mwake.

"Palikuwa na nini, baba?" Wamboi aliuliza.

Alimwambia. Alimwambia yote, tangu alama ya makaa ukutani hadi siku ya kunyoa nywele, na maneno ya barua aliyarudia moja moja kama yalivyokuwa. Wamboi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mama atajuaje?" aliuliza.

Kagwe alilifunika kopo, akampa alirudishe kwenye kona. 

Kalasinga alikuwa bado hai. Hakuuliza maswali, alimsukumia begi la vifaa, lilelile la zamani, ambalo alikuwa amelichukua kambini na kulitunza kwenye rafu. Wakati huo Waafrika wenye maduka Thika walikuwa wameanza kuingiza stima, na mmoja wao alikuwa Makau, Mkamba muuza nguo, mtu wa kupenda mambo mazuri. Alimtafuta Kagwe kwa sifa zake.

"Nasikia wewe unaficha waya hata panya haioni," Makau alisema. "Nifanyie hivyo hivyo. Sebule ya mke wangu isiwe na waya hata moja ya kuonekana."

Kagwe aliketi sakafuni kama zamani, akaangalia, akaanza kazi. Makau aliporudi jioni mapema alikuta waya imepigwa juu ya ukuta, wazi, kutoka mlangoni hadi darini na kutoka darini hadi kwenye taa, imenyooka sawasawa, imeshikwa kwa vibanio kila baada ya shubiri moja. Mkewe alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Haiya! Fundi, si hii inaonekana yote?"

"Inaonekana, mama."

"Nilisikia wewe unaficha."

"Nilikuwa nikificha."

"Sasa wageni wakija wakaona waya ukutani, watasemaje?"

Kagwe alipanda tena kwenye kiti, akaweka kidole kwenye waya pale mlangoni, akakipeleka polepole hadi juu. "Tazama, mama. Imeanzia hapa. Inapita hapa. Imeishia kwenye taa. Mtu yeyote akija kukuuliza kuna nini ukutani kwako, usiseme kitu. Mwonyeshe tu."

Mama Makau alimtazama mumewe, mumewe akamtazama fundi, kisha Makau akatoa pesa za kazi. Kagwe aliteremka, akakunja waya zilizobaki, akazifunga kwa uzi, kila moja na wake. Alipofika mlangoni mkono wake wa kushoto ulienda wenyewe kwenye swichi. Taa ikawaka. Akaizima, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.